Kibaba kilichotoboka: kubana nishati kunaokoa nini hasa?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha mazingira. Kila mara tunawahimiza watu wazime taa, wanunue vifaa visivyokula umeme na wapunguze safari za gari, maana haba na haba hujaza kibaba. Juzi mwanachama mmoja alisimama akauliza: mbona vifaa vinazidi kuwa bora kila mwaka, na bado dunia inachoma mafuta, gesi na makaa ya mawe kuliko zamani? Akaongeza kwamba hata mabwawa, paneli za sola na betri vinakula misitu na milima vilevile, kwa hiyo tunajisumbua bure. Nilikosa la kumjibu. Je, kubana matumizi kunasaidia mazingira kweli? Na sisi wenye nguvu kidogo, tuzielekeze wapi?*

Marahaba, ndugu katibu. Huyo mwanachama msimchukie. Ameuliza jambo ambalo wachumi wamelibishania tangu karne ya 19, na nusu ya anayosema ni kweli tupu. Kubana matumizi kunasaidia, ila akiba isiyofungiwa haikai. Huvuja, tena mara nyingi huvujia kulekule ilikotoka. Methali yenu haina kosa, ila kabla ya kujaza kibaba inabidi kukigeuza na kutazama kitako chake.

Nianze na nyangumi, maana kisa chake kinasimuliwa nusu kila siku.

Katikati ya karne ya 19, taa nyingi za Ulaya na Marekani ziliwaka kwa mafuta ya nyangumi. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta karibu na Titusville, Pennsylvania, na haikuchukua miaka mingi mafuta ya taa yakawa rahisi kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kumfukuzia mnyama baharini kwa miaka miwili mitatu ili mtu apate mwanga wa kusomea. Watetezi wa mafuta wanakipenda sana kisa hiki: petroli ndiyo iliyomwokoa nyangumi! Wakifika hapo wanafunga mdomo.

Tuendelee walipoishia. Meli za matanga na mashua za makasia hazikuweza kumkamata nyangumi wa buluu. Alikuwa na mbio kupita kiasi, na akifa alizama. Makaa ya mawe, na baadaye dizeli, yakawapa wawindaji meli za kumfikia. Svend Foyn wa Norwei akaunda chusa la kurushwa kwa mzinga, lenye baruti kichwani. Zikaja meli zilizokuwa viwanda vinavyoelea, za kuchuna na kuchemsha mzoga hukohuko baharini. Kisha wakemia wakagundua namna ya kuyagandisha mafuta yake yawe majarini. Soko la taa lilikuwa limekufa, naam, lakini soko la majarini na sabuni likachukua nafasi yake, na karne ya 20 ikaua nyangumi wanaokaribia milioni 3. Nishati ile iliyosemekana kumwokoa ndiyo iliyowapa wawindaji miguu ya kumkimbiza hadi Antaktika.

Waliobaki waliokolewa na uamuzi. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga kura kusimamisha uwindaji wa kibiashara, na amri ikaanza kufanya kazi katika msimu wa 1985/86. Mbadala wa mafuta ya nyangumi ulikuwepo kwa zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo. Mbadala huo ulifanya marufuku iwezekane bila dunia kukaa gizani, lakini peke yake haukuzuia hata chusa moja. Kishikeni hiki, maana karibu yote ninayowaandikia yanarudi hapo.

Sasa swali la vifaa bora. Mwaka 1865 mchumi mmoja Mwingereza, William Stanley Jevons, akiwa hajatimiza hata miaka 30, aliandika kuhusu hofu ya nchi yake kuishiwa makaa ya mawe. Watu walimwambia asiwe na wasiwasi, injini zinaboreshwa, matumizi yatashuka. Akawaonyesha tanuri za chuma za Uskoti. Makaa yaliyohitajika kuyeyushia tani moja ya chuma yalikuwa yamepungua hadi chini ya theluthi ya kiwango cha awali. Na kati ya 1830 na 1863 jumla ya makaa yaliyochomwa huko ikapanda mara kumi. Chuma kilipokuwa rahisi, kila mtu alikitaka: reli, madaraja, meli, mitambo, pamoja na mitambo ya kuchimbia makaa zaidi. Maji hufuata mkondo, na Jevons alikuwa ameuonyesha mkondo wenyewe.

Ukitaka kuelewa kwa nini kitu hiki kinatuvuta hivyo, washa gari lolote la petroli, liache lingurume dakika 10, fungua boneti, usogeze kiganja karibu na rejeta bila kuigusa. Lile joto linalokupiga usoni ndiyo sehemu kubwa ya pesa uliyolipa kwenye pampu. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 34, sawa na uniti 9 na nusu za umeme. Mtu mwenye afya akizungusha mtambo kwa mikono kutwa nzima, saa 8 za kazi, hutoa uniti 0.6 hivi. Kwa hiyo ndani ya lita moja kuna jasho la karibu siku 16 za mwanadamu. Injini inaichoma, inatupa robo tatu yake kupitia rejeta na ekzosi, na robo inayofika magurudumuni inasukuma kilo 1,400 za chuma ili kumsogeza mtu wa kilo 70. Ukipiga hesabu hadi mwisho, abiria mwenyewe anasogezwa na asilimia 1 hivi ya kile alichonunua.

Mwanaharakati husikia hesabu hiyo akasema: ona tunavyopoteza! Ni kweli, nafasi ya kubana ni kubwa ajabu. Lakini igeuzeni upande wa pili: hata baada ya kutupa sehemu 99 katika 100, bado watu wanaona inalipa kununua. Kitu chenye nguvu ya namna hiyo ukikiongezea ufanisi hakitulii. Kinatafutiwa kazi nyingine.

Msidhani nawasema wengine. Taa yangu ya nje ilikuwa ya ule waya unaong'aa, wati 60, nami nilikuwa naiwasha kwa saa 3 tu, wageni wakitarajiwa, kisha naizima. Hiyo ni wati-saa 180 kwa usiku. Nikanunua LED ya wati 8. Kwa saa zilezile ningetumia 24 tu. Lakini kwa kuwa "haili kitu", nikaanza kuiacha hadi asubuhi: wati 8 kwa saa 12, yaani 96. Karibu nusu ya akiba niliyoitegemea ikawa imekwenda, na bado nikajisifu. Mwezi uliofuata nikaweka nyingine ya pili getini na ya tatu nyuma ya nyumba. Jumla ikafika 288. Mhandisi wa nishati mzima, nikawa natumia umeme mwingi kuliko enzi za waya, na juu yake nimewakosesha usingizi popo na wadudu wa jirani.

Bahati nzuri si kila mtu ni kama mimi. Tafiti nyingi za magari na za kupasha joto nyumba hukuta kwamba sehemu inayovuja moja kwa moja ni kati ya asilimia 10 na 30. Mwenye gari linalokunywa kidogo huendesha zaidi kidogo, lakini hawezi kuwa barabarani saa 24. Hapo ndipo mwanachama wenu anapoteleza: asilimia 20 ikivuja, 80 imebaki mkononi. Uvujaji mkubwa zaidi hutokea mbali na macho ya mtu aliyebana. Wewe ukiacha kununua, bei inashuka kidogo, na mwingine ambaye hukutani naye kamwe ananunua kile ulichokiacha.

Hilo lilionekana waziwazi baada ya Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zenye mafuta zilipozuia mauzo kwa Marekani na baadhi ya marafiki zake. Pipa la dola 3 likakaribia dola 12 kabla hata miezi sita haijapita. Mwaka 1975 Marekani ikatunga sheria iliyowataka watengenezaji karibu waongeze maradufu umbali ambao magari yao mapya yanakwenda kwa lita, ifikapo 1985. Yakaja mapinduzi ya Iran mwaka 1979, bei ikaruka tena. Rais Jimmy Carter akaweka paneli 32 za kuchemshia maji kwa jua juu ya paa la Ikulu. Na kubana kule kulifanya kazi kwelikweli: Wamarekani walikuwa wakitumia karibu mapipa milioni 19 kwa siku mwaka 1978, mwaka 1983 walikuwa milioni 15. Nchi nyingine nazo zikapunguza.

Ndipo mwaka 1986 bei ikaporomoka hadi chini ya nusu. Kubana huku kulichangia, kwa kuwa mafuta yalikuwa mengi kuliko wanunuzi, na Saudi Arabia ilikuwa imechoka kupunguza uzalishaji peke yake. Petroli ikawa rahisi. Mwaka huohuo paneli za Carter zikashushwa paa lilipokuwa likitengenezwa, hazikurudishwa. Kiwango cha magari kikalegezwa kwa muda. Tena ile sheria ilikuwa na tundu tangu mwanzo: pikapu na magari mazito yaliyoinuka yalihesabiwa kama malori mepesi, yakapewa masharti laini. Watengenezaji wakafanya ambalo mfanyabiashara yeyote angelifanya, wakawauzia watu hayo. Kwa miaka mingi baadaye injini ziliendelea kuboreshwa, lakini uboreshaji ukaliwa na uzito na kasi.

Denmark ilipita njia nyingine kutoka mahali palepale. Mwaka 1973 ilitegemea mafuta ya kuagiza kwa karibu asilimia 90 ya nishati yake yote, ikafikia hadi kupiga marufuku magari siku za Jumapili. Bei ilipoporomoka mwaka 1986 serikali yake ilipandisha kodi ya nishati, hivi kwamba mnunuzi hakuuona unafuu ule. Ilikuwa siasa chungu, na sidhani kama aliyeipitisha alipigiwa makofi. Lakini akiba ilifungiwa. Na lile joto la rejeta? Kule, joto linalotupwa na mitambo ya umeme hupitishwa kwenye mabomba chini ya mitaa. Leo karibu theluthi mbili ya nyumba zao hupashwa joto na mabomba ya pamoja. Uchumi wao umekua sana tangu 1980 huku jumla ya nishati wanayotumia ikibaki karibu palepale.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni friji, labda kwa sababu hauna ushujaa wowote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 friji jipya la wastani nchini Marekani lilikula karibu uniti 1,800 kwa mwaka. Mwanafizikia Arthur Rosenfeld na wenzake wa California walionyesha kwamba sehemu kubwa ya hizo ilikuwa uzembe tu: kuta nyembamba, injini duni, mipira ya mlango isiyobana. Jimbo likaweka kiwango cha lazima katikati ya muongo ule, mengine yakaiga, kisha ikaja sheria ya nchi nzima. Kufikia 2001 friji jipya, lenye nafasi kubwa zaidi ndani, lilikula uniti 500 hivi, na kwa thamani halisi bei yake ilikuwa imeshuka.

Kwa nini hapa akiba ilikaa? Kwanza kwa sababu haikutegemea uungwana wa mnunuzi. Friji lisilofikia kiwango halikuruhusiwa kuuzwa. Pili, hamu ya friji ina mwisho. Hakuna anayefungua mlango mara nyingi zaidi kwa furaha kwamba umeme wake ni nafuu. (Tundu lilikuwepo: wengi walihamishia friji la zamani gereji, likaendelea kunguruma huko likipoza chupa nne.) Lenu mnaweza kulipima leo. Banisha karatasi kwenye mlango, funga, kisha uivute. Ikitoka kwa ulaini, mpira umechoka, na injini inafanya kazi ya ziada kupoza hewa ya chumba inayopenya ndani.

Nije kwenye nusu ya pili ya hoja, kwamba nishati nyingine nazo zinaharibu. Hapa ana ushahidi, na wanaharakati hukosea wanapouficha. Bwawa la Balbina, ndani ya Amazoni ya Brazil, lilimalizika mwishoni mwa miaka ya 1980. Lilifunika msitu wa kilomita za mraba 2,360 hivi ili kupata mtambo wa megawati 250. Vilele vya vilima vikageuka maelfu ya visiwa vidogo, na wanyama wengi wakatoweka kwenye visiwa hivyo kimyakimya mwaka baada ya mwaka. Miti iliyozama ikaoza na kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Umeme uleule leo ungepatikana kwa paneli za sola zilizotandazwa kwenye kilomita za mraba zisizofika 20. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu "ni mbadala" tukanyamaza; lazima tuulize ardhi kiasi gani, na ipi. Nishati ya mimea ina aibu yake pia. Zaidi ya theluthi ya mahindi ya Marekani huishia viwanda vya ethanoli, ile pombe ya kuchanganywa na petroli, na michikichi iliyopandwa juu ya ardhi ya mboji iliyokaushwa Indonesia imetoa kaboni nyingi kiasi kwamba dizeli yake haina haki ya kuitwa safi.

Lakini kusema "vinaharibu vilevile" ni kupima tembo na sungura kwa jicho. Kila mwaka dunia huchimba takriban tani bilioni 15 za makaa ya mawe, mafuta na gesi, ikazichoma, na mwaka unaofuata inaanza upya. Madini ya betri na nyaya huhesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya tani. Mwamba taka unaochimbuliwa pamoja nayo unaizidisha hesabu hiyo mara nyingi, nakiri, na migodi ya kobalti ya Kongo ina machungu ambayo hakuna hesabu inayoyafuta. Tofauti ni kwamba shaba ya waya haichomwi. Ikichimbwa mara moja hutumika miaka 30, kisha huyeyushwa ikawa waya mwingine. Makaa ya jana ni majivu leo.

Kuna pia mahali ambapo kisukuku, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi ya ardhini, huulinda msitu, na afadhali mlijue kabla hamjaulizwa. Watu wapatao bilioni 2 hupika kwa kuni, mkaa na samadi. Tanuri la udongo la kuchomea mkaa hupoteza zaidi ya nusu ya nishati ya mti kabla gunia halijafungwa. Mafiga matatu hufikisha kwenye sufuria sehemu moja ya kumi ya joto, au zaidi kidogo. Jiko la gesi ya mtungi hufikisha zaidi ya nusu. Gesi hiyo ni kisukuku, hakuna ubishi, lakini nikiambiwa nichague kati ya mtungi na msitu uliobaki karibu na mji unaokua, nachukua mtungi bila aibu, kwa muda, hadi jiko la umeme lipatikane. Shirika la Afya Duniani linauhusisha moshi wa majumbani wenyewe na vifo zaidi ya milioni 3 katika mwaka 2020 pekee. Mtu anayempigia kelele mama kwa kuhamia gesi, huku mwenyewe akiendesha gari la tani mbili, mimi simwiti mhifadhi.

Mahali ambapo mambo haya yote matatu, matumizi, utegemezi na uhifadhi, yaligongana hadharani ni Yasuní, mashariki mwa Ekuador. Ndani ya hekta moja ya msitu ule wamehesabu aina zaidi ya 600 za miti. Chini yake, katika kitalu namba 43, kuna mafuta yaliyokadiriwa kuwa karibu mapipa milioni 850. Mwaka 2007 Rais Rafael Correa aliupa ulimwengu pendekezo: tulipeni dola bilioni 3.6, nusu ya kile ambacho tungepata, nasi tutayaacha ardhini. Ulimwengu ulisifu sana. Pesa zilizofika hadi 2013 zilikuwa dola milioni 13 hivi. Agosti mwaka huo Correa akafuta mpango, na mwaka 2016 mafuta yakaanza kutoka. Wananchi hawakunyamaza. Tarehe 20 Agosti 2023 walipiga kura, na karibu asilimia 59 wakasema yabaki ardhini. Kufunga visima kunakwenda kwa kusuasua, kwa kuwa hazina ya nchi ilikuwa imekwisha kuzoea pato lile.

Sasa chukueni kalamu. Dunia hutumia kama mapipa milioni 100 kwa siku. Mapipa milioni 850 ni siku 8 na nusu. Msitu wote ule, pamoja na watu wa Tagaeri na Taromenane wanaoishi ndani yake bila kutaka kuonana na yeyote, ulikuwa ukibishaniwa kwa ajili ya matumizi ya wiki moja na siku kidogo. Siku 8 na nusu ni asilimia 2.3 ya mwaka. Yaani dunia ikibana asilimia 2.3 ya mafuta yake kwa mwaka mmoja tu, Yasuní haihitajiki tena. Mpira wa friji, kiwango cha magari, bomba la joto la Denmark, vyote hivyo vinaweza kulifikia lengo hilo bila mtu kuteseka.

Lakini bila ile kura, mapipa hayo yangetoka tu na kuuzwa kwa bei ya chini kidogo kwa mwingine. Na bila akiba, kura ingeshinda siku moja na kushindwa siku ambayo vituo vingekauka na foleni kufika barabarani. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema tubane tu, wala wanaosema tufunge visima tu. Nyangumi alihitaji yote mawili, na pengo kati ya la kwanza na la pili lilikuwa la miaka 120.

Kuhusu nguvu zenu kidogo, ningewashauri mpunguze kuwahubiria watu taa. Si kwamba ni vibaya, ila mnatumia sauti nyingi mahali ambapo tundu ni kubwa. Tafuteni ni nani anayeweka viwango vya vifaa vinavyoingizwa na kuuzwa, majokofu, feni, pampu, majiko, na mwulizeni vilipitiwa lini mara ya mwisho. Ni kazi kavu, ya barua na vikao, hakuna atakayewapiga picha. Lakini kiwango kimoja kikipita kinabana matumizi ya watu ambao hamtawahi kuwafikia kwa semina. Kisha chagueni kipande kimoja cha ardhi, kimoja tu, chenye jina na mipaka, ambacho leseni yake ya kuchimba, kufurika au kukata miti iko mezani kwa mtu. Kifahamuni kuliko yule mwenye leseni. Kiwe na umeme kiasi gani au mapipa mangapi, mgawanye kwa matumizi ya siku moja kama tulivyofanya hapa, mwende na namba hiyo kikaoni. Wakubwa wamezoea vilio vya wahifadhi; hesabu ya siku 8 na nusu huwafanya wanyamaze kidogo.

Jambo moja jingine kuhusu ruzuku, maana mtakutana nalo. Mwaka 2022 serikali za dunia zilitumia zaidi ya dola trilioni 1 kufanya mafuta, gesi na umeme wa visukuku viwe rahisi kwa mnunuzi. Ni tundu kubwa kuliko yote, na vikundi vingi hurukia kudai ifutwe mara moja. Angalieni Ekuador yenyewe Oktoba 2019, au Ufaransa Novemba 2018 walipoongezewa kodi ya mafuta: barabara ziliwaka moto na serikali zikarudi nyuma. Mwenye kipato kidogo hana rejeta ya kupunguza. Ana basi moja na nauli yake. Msidai ruzuku iondolewe kabla hamjaonyesha pesa hiyo itamrudia vipi, kwa basi, kwa jiko, kwa fedha taslimu mkononi. Nimewahi kukaa kwenye meza moja ambapo tuliandika pendekezo zuri sana kwa ajili ya mazingira, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepanda daladala mwaka ule. Lilikufa, na lilistahili kufa.

Mwambieni mwanachama wenu alete bili zake za miezi 12, na siku aliyonunua kila kifaa kipya ikiandikwa pembeni. Ataona mwenyewe wapi akiba ilikaa na wapi ilivuja. Mimi yangu niliiona hivyo. Taa ya nyuma na ile ya kwanza nimezing'oa. Ya getini imebaki, nimeifunga kihisi, huwaka mtu akipita na kuzimika anapoingia ndani. Kwa usiku mzima haifiki dakika 20.